Kupiga Mara ya Pili: Nani Arudie, na Aamue Saa Ngapi



Mara ya mwisho niliandika hapa juu ya mbegu za maharage, na mlionisoma nyote mngeenea kwenye benchi moja. Leo naacha shamba kidogo. Nataka kuelezea mchezo ambao kwetu hauko, mashindano ya kupiga shabaha kwa bastola kwenye vilabu vya Marekani, na ndani yake swali moja tu: mtu akipatwa na tatizo katikati ya zamu yake, arudie au asirudie? Na uamuzi huo utoke saa ngapi? Mbele kidogo mtaona kwa nini agronomu anajiingiza katika mambo hayo.

Najua, kwa sisi wa Kivu neno bastola halileti mchezo kichwani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaishi jimbo la Ohio, huu ni mwaka wa tisa. Mwenzake wa kazi ndiye alimwalika klabuni. Siku moja akanitumia sauti kwenye WhatsApp akiwa uwanjani, na nyuma yake risasi zinalia. Mama akatoka jikoni mbio: "Ni wapi tena?" Nikamwambia ni mchezo wa kule kwa shemeji. Hakunijibu kitu, akarudi kwenye sombe yake. Na mimi mwenyewe nilichukua muda kabla ya kusikiliza sauti ile mpaka mwisho.

Lakini habari aliyokuwa ananielezea ilinishika, juu ilifanana sana na jambo langu la aibu nililofanya wakati wa kuandika memwari.

Kwanza mchezo wenyewe. Shirika la dunia linaitwa IPSC, lilizaliwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kwa Marekani tawi lake ni USPSA. Wana maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Usifikiri ni ule mchezo wa Olimpiki ambapo mtu anasimama wima na kunyoosha mkono mmoja. Huku mpigaji anakimbia. Saa ya mwamuzi inalia, anatoa bastola, anapita katikati ya kuta za mbao na madirisha, anapiga shabaha za karatasi na vyuma ambavyo lazima vianguke. Kwa kawaida kila karatasi inataka risasi mbili. Ukipiga katikati unapata pointi 5. Ukipiga pembeni unapata 3 au 1, au 4 na 2 kama unatumia risasi za nguvu kubwa. Risasi iliyokosa inakuondolea 10. Ukitoboa shabaha iliyokatazwa, 10 nyingine zinaenda.

Halafu pointi zote zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Aliye na kiwango kikubwa kuliko wote anachukua pointi zote za zoezi lile, na wengine wanapimwa kwa kulinganishwa naye. Mshike hilo vizuri. Pointi zangu hazisimami peke yake, zinategemea za mwenzangu. Mmoja akipewa nafasi ya bure, wote waliobaki wanalipa, hata yule aliyekwisha kurudi nyumbani kulala.

Tuchukue mfano wenye hesabu. Zoezi la risasi 24 liko na pointi 120. Mtu anapata 112 katika sekunde 20, kwa hiyo kiwango chake ni 5,60. Kama wa kwanza ana 7,00, huyu anapata asilimia 80, yaani pointi 96. Sasa tuseme chuma kimoja alikipiga lakini hakikuanguka, naye akapita. Anakosa pointi 5 za chuma na anapigwa adhabu ya 10. Anabaki na 97, kiwango 4,85, na pointi zake zinashuka mpaka 83 na kidogo. Angalisimama akakipiga tena, tuseme kwa sekunde moja zaidi, angalipata 91. Kwenye mechi ya klabu, tofauti kama hiyo inaweza kumshusha mtu nafasi kadhaa.

Ndicho kilichompata shemeji. Ilikuwa mechi yake ya pili. Alinielezea hivi: "Ile chuma nilipiga. Nilisikia inalia, ting, kabisa. Nikajua imekwisha, nikaendelea. Kumaliza, naangalia, iko inasimama. Bakaniandikia zero." Hakusema kitu. Kiingereza chake cha kazini kinatosha, lakini si cha kubishana mbele ya watu ishirini wenye bastola kiunoni (maneno yake). Kijana mmoja akaenda kubandika makaratasi, mwingine akashika kile chuma kuangalia kama kimesimama sawa, na kundi likaendelea na mtu mwingine.

Mwezi uliofuata, kwenye uwanja ule ule, mwanachama wa siku nyingi akapatwa na jambo lile lile. Yeye aliacha chuma kimesimama, akamaliza, akaweka bastola yake salama, akainua mkono: anaomba kipimwe. Watu wote wakaambiwa wasikiguse. Kikapimwa, kikakataa kuanguka, jamaa akarudia zoezi lote, na siku ile akashinda.

Shemeji akaniuliza: "Sasa mimi na yeye, tofauti ni gani? Ni rangi?" Sikujua la kumjibu. Nikaomba anitumie kitabu cha sheria, nikakisoma siku tatu, na kamusi pembeni.

Jibu ni kwamba mwamuzi hakukosea mara zote mbili. Sheria ya chuma inasema hivi. Ukikipiga kisianguke, uko na njia tatu. Unaweza kukipiga tena mpaka kianguke, na hapo mambo yanaisha, huwezi kudai kitu. Unaweza kukiacha bila kulalamika, na hapo unaandikiwa umekosa. Ama unaweza kukiacha kimesimama na kuomba kipimwe. Ukiomba, haruhusiwi mtu yeyote kukigusa. Mwamuzi aliyepewa kazi hiyo anakuja na risasi dhaifu iliyotengwa kwa kupima, anasimama karibu na pale ulipopigia, anakipiga. Kikianguka, maana yake chuma kilikuwa sawa, wewe ulipiga vibaya, na adhabu yako inabaki. Kisipoanguka, kosa ni la uwanja. Kinarekebishwa, nawe unarudia. Na kama upepo umekiangusha kabla ya kupimwa, pia unarudia, juu hakuna tena njia ya kujua ukweli.

Shemeji alichagua njia ya pili bila kujua kwamba ziko tatu. Hilo nitalirudilia.

Sheria nyingine za kurudia nilizisoma kama mtu anayesoma riwaya. Karatasi ya mpigaji aliyetangulia isipozibwa matundu, na wakati wa kuhesabu mnakuta manne mahali pa mawili, na haijulikani ya nani ni ya nani, unaamriwa kurudia. Shabaha ikianguka yenyewe, mlango wa mbao ukikwama, mashine inayovuta shabaha ikikataa, unarudia. Saa ya mwamuzi isiposhika muda, unarudia. Mwamuzi akikusimamisha kwa kufikiri risasi imekwama ndani ya mtutu, bastola inakaguliwa. Ikiwa kweli imekwama, hakuna kurudia, unahesabiwa ulipofika. Ikiwa hakuna kitu, unarudia, kwa sababu ni yeye aliyekukatiza. Hii ya mwisho naipenda sana. Inamwacha mwamuzi huru kupiga kelele "simama" bila kuogopa kwamba atamwonea mtu. Bila hiyo angesitasita, na kusitasita mbele ya bastola yenye risasi iliyokwama ni mtu kupoteza vidole.

Lakini bastola yako wewe ikikwama kwa kawaida tu, hakuna wa kukuhurumia. Uliileta wewe, ulijaza risasi wewe. Michezo ya Olimpiki ina huruma zaidi hapo, kwenye mita 25 kuna hitilafu za bastola zinazokubaliwa na mtu anapewa nafasi nyingine. Huku, chombo ni sehemu ya mtihani.

Sasa fika kwenye kiini. Iko sheria moja juu ya mwamuzi kumgusa mpigaji. Mwamuzi anakimbia nyuma yako na saa mkononi. Unarudi nyuma ghafla, mnagongana. Hapo sheria haisemi "lazima urudie". Inasema mwamuzi anaweza kukupatia nafasi, na wewe unakubali ama unakataa kabla ya kuona muda wako, na kabla ya kuona pointi zako.

Kabla. Nilisoma neno hilo nikaacha kitabu, nikatoka nje.

Mnaelewa kwa nini? Chukua dadu. Ukitupa mara moja, wastani wako ni 3,5. Ukiambiwa utupe upya bila kuangalia ya kwanza, wastani unabaki 3,5, hakuna ulichoiba. Lakini ukiruhusiwa kuangalia kwanza, ukabakiza 4, 5 na 6, halafu ukatupa upya kila ukipata 1, 2 au 3, wastani unapanda mpaka 4,25. Hukuwa hodari zaidi. Hakuna uongo uliousema. Kweli uligongwa! Ila uligongwa na ukaangalia, ukachagua.

Rudi kwenye zile sheria nyingine, utaona zote zimejengwa juu ya mti huo huo. Pale ambapo mpigaji amekwisha kuona matokeo yake, kama kwenye karatasi yenye matundu manne, sheria inamnyang'anya uchaguzi. Hata kama alipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake na anataka kubaki nayo, anarudia kwa amri, na ya kwanza inafutwa. Pale ambapo inamwachia uchaguzi, inamfunga macho. Kwenye chuma, wakati wa kuchagua kukipiga tena au kukiacha, saa bado inakimbia. Kuna ufa mdogo hapo, kweli. Mtu anayeona zamu yake imeharibika anaweza kuacha chuma makusudi na kuombea kipimo kimpe nafasi. Lakini ile risasi dhaifu haimjui mtu, na chuma kilichowekwa sawa kitaanguka.

Sasa aibu yangu.

Memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya mbolea ya mboji kwenye mahindi. Bloku tatu, kila bloku parseli nne, jumla 12. Wiki chache kabla ya kuvuna, mbuzi wa jirani waliingia. Walikula kwenye parseli mbili, zote za mboji. Niliziona siku ile ile, nikatengeneza ua, nikanyamaza. Sikuandika kitu kwenye daftari. Nilivuna, nikapima. Parseli moja ya mbuzi ilitoa kidogo sana. Ya pili, sijui kwa muujiza gani, ilitoa vizuri. Basi kwenye memwari niliandika kwamba parseli moja iliharibiwa na mbuzi, nikaitoa kwenye hesabu. Ya pili nikaibakiza kimya. Mboji ikatoka na ushindi mzuri, tofauti wazi kabisa.

Promota wangu aliweka kidole kwenye ule mstari wa mbuzi. Hakupaza sauti. "Mwanangu, hii parseli, kama ingekuwa imezaa vizuri, ungeitoa?"

Sikujibu, na nadhani alijua. Nilirudi kwenye kompyuta, nikazitoa parseli zote mbili, nikaandika tarehe mbuzi walipoingia. Tofauti ikapotea. Niliteteta memwari inayosema kwamba kwa takwimu hizi hatuwezi kusema kitu juu ya mboji, nikapata alama za kutosha tu, si zile nilizoziota. Mpaka leo watu wa familia hawajui kwa nini sikupata disitenksio.

Nilichokosa siyo ukweli, maana mbuzi waliingia kweli. Nilikosa saa. Kama siku ile ile ningaliandika "parseli hizi mbili zimeharibiwa, zinatoka", hakuna mtu angaliweza kunisema. Nilingoja mpaka kuvuna, ndipo nikamkumbuka mbuzi.

Mwenye kupenda mpira ataniambia: mbona penalti inarudiwa kwa kuangalia matokeo? Golikipa akitoka kwenye mstari mapema, goli likiingia linabaki, kipa akiuzuia mpira, penalti inarudiwa. Ndiyo. Lakini pale kuna aliyekosea, ni kipa, na sheria haitaki afaidike na kosa lake. Mbele ya mpigaji wa bastola hakuna kipa. Mlango wa mbao uliokwama siyo wa adui yake, na wanaolipa akichagua kwa macho wazi ni wapigaji wenzake ambao hawakukosea kitu. Na usiniletee mfano wa sesheni ya pili ya mitihani. Ile inapima kama umejua somo, haikupangi foleni na wenzako.

Nirudi kwa shemeji, kwa sababu sheria nzuri bado haikumsaidia.

Kwenye mechi kubwa, kwa kawaida waamuzi hawapigi pamoja na wale wanaowaamua. Kwenye klabu, wote wako kwenye karatasi moja ya matokeo. Huyu anapiga, halafu anashika saa, halafu anaziba matundu, halafu anahesabu pointi za yule aliyemhesabia dakika kumi zilizopita. Wamekula pamoja, watoto wao wanasoma pamoja. Hakuna anayelipwa. Mimi siwalaumu, wangelikuwa wabaya wasingelimwalika mgeni. Lakini katika hali hiyo upendeleo hauji kwa mtu kuvunja sheria. Unakuja kwa sauti ndogo pembeni: "Alikugonga yule, omba urudie", na sauti hiyo inatoka baada ya muda kusomwa, na inamwendea rafiki. Mgeni hana wa kumnong'oneza. Naye hata akigongwa kweli anaomba radhi yeye, akifikiri ndiye aliyekosea. Shemeji alifanya hivyo mara moja, aliniambia mwenyewe huku anacheka.

Kwa hiyo swali lake la rangi nililijibu hivi: sijui moyo wa mtu, lakini hata ukiutoa moyo, kuna jambo limebaki. Haki ya kurudia inayongoja mtu aiombe ni haki ya mwenye kuijua. Ile inayotolewa na mwamuzi bila kungoja inamfikia kila mtu. Tatizo ni kwamba kuomba kipimo cha chuma lazima kutoke kwa mpigaji mwenyewe, mwamuzi hawezi kumwombea. Basi njia pekee ni wote waambiwe mapema. Kabla ya kila zoezi kundi linasomewa maelezo: shabaha ngapi, risasi ngapi, unaanzia wapi. Kuongeza pale sentensi mbili juu ya chuma kisichoanguka kunachukua nusu dakika.

Nilimwambia amweleze mkuu wa mechi hivyo, bila kulalamika juu ya zile pointi zake, zimekwenda. Alisita miezi miwili. Kisha akaenda na kitabu mkononi, akaonyesha ukurasa. Mkuu akasoma, akasema kweli, sisi tunafikiri kila mtu anajua. Tangu siku ile zile sentensi mbili zinasomwa, na shemeji anasema kuna wanachama wa miaka mitano waliokuja kumshukuru, nao hawakuwa wanajua.

Yeye mwenyewe baadaye akafanya mafunzo ya uamuzi. Juzi, siku ya Jumapili, alikuwa ameshika saa nyuma ya mama mmoja mzee, mgeni, mechi yake ya kwanza. Mama akarudi nyuma kwenye kona, mgongo wake ukampiga shemeji kwenye mkono. Akaendelea mpaka mwisho, bastola ikakaguliwa, ikawa tupu. Shemeji akabana saa kifuani, kioo kimeelekea shati, akamwambia: mama, tuligongana, ni mimi nilikuwa karibu mno, unaweza kurudia ama kubaki na hii, lakini unijibu kabla sijasoma.

Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele: rudia, rudia! Mama akafikiri kidogo, akasema miguu imechoka, abaki na hii.

Ndipo shemeji akageuza saa, akasoma.

Nilimuuliza ilikuwa ngapi. Akaniambia amesahau.